Chanda Chema na Pete Isiyo na Jina

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii imefunzwa katika shule za Kenya kwa miaka mingi na kuandikiwa insha zisizohesabika, na karibu kila mwanafunzi aliyeifasiri alikikazia macho chanda. Ni nadra kumpata aliyeiuliza pete maswali: ilifuliwa na nani, kwa madini gani, kwa koleo lipi, na mfuaji huyo alikiita nini kila kipande alichokishika. Makala haya yananuia kuigeukia pete. Hoja yake ni kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wameiacha sekta nzima ya mapambo ya mkono itwaliwe na Kiingereza, ilhali lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuijengea msamiati kabla ya reli kufika Kisumu. Hasara ya uzembe huo haionekani kwenye kamusi tu. Inaonekana pia mifukoni mwa vijana.

Msomaji na amwazie binti mmoja wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira. Hapewi jina kwa kuwa ni binti wa mfano. Amemaliza kidato cha nne, alama zake hazikumfikisha alikotaka, na shamba la majani chai la nyumbani limegawanywa na kaka zake hadi limebaki vipande vya kuhesabu mistari. Binamu yake anayefanya kazi Likoni humletea, kila arudipo likizo ya Desemba, mfuko mmoja wa vitu vya ufuoni: simbi za manjano, kome wadogo wenye mabaka, na vipande vya chupa vilivyosagwa na mawimbi hadi vikapoteza makali. Binti huyu ana koleo la fundi wa umeme, mkasi wa kukatia bati, na waya wa shaba alioutoa kwenye mota iliyoungua. Kwa vitu hivyo hutengeneza vipuli, vidani na vikuku.

Kazi yenyewe haina siri kubwa, lakini ina adabu yake. Kipande cha kioo hakitobolewi ovyo, maana kioo kikitobolewa kikavu hupata joto na kupasuka. Anayetaka kukitoboa huhitaji keekee yenye ncha ya almasi, na sharti akitoboe kikiwa ndani ya maji. Kwa hiyo fundi asiye na zana hizo hutumia waya. Waya mnene kidogo, wa takriban milimita 0.8, hukunjwa ukafuata umbo la kigae na kuwa fremu yake. Waya mwembamba wa milimita 0.4 au 0.3 huzungushwa juu ya ule wa kwanza, duru baada ya duru, hadi pande zote mbili zishikane. Sehemu ya juu huachwa kitanzi cha kupitishia mkufu. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pamoja huwa mgumu, kisha hukatika. Ndiyo sababu fundi mzuri hufikiri kwanza, akakunja mara moja. Waya wa mota, isitoshe, huwa umepakwa rangi ya kuzuia umeme, nayo hukwanguliwa kwa msasa iwapo fundi anataka shaba ing'ae. Shaba tupu nayo ikiguswa na jasho hubadilika rangi na kuacha alama ya kijani shingoni, jambo ambalo mteja hulilalamikia na fundi hana budi kulieleza.

Hapo ndipo mkasa unapoanzia, katika kule kueleza. Binti wa mfano anapoweka picha ya kidani chake kwenye simu ili kimvutie mteja wa Nairobi, hukiandikia jina la maneno manne au matano ya Kiingereza aliyoyaona kwa wauzaji wa Marekani. Mteja wa hapo hapo Nyamira akimwuliza kwa Kiswahili kile ni nini, binti hujibu: "Ni hii kitu ya shingo." Kitu. Kazi ya saa mbili, iliyopita katika vidole kumi, inaishia kuwa kitu. Na bei ya kitu, kama ijulikanavyo katika soko lolote, ni ile anayoitaja mnunuzi. Fundi asiyeweza kusema kwamba hii ni fremu, hii ni duru ya waya mwembamba, hiki ni kigae ambacho bahari imekisaga kwa miongo kadhaa, hana namna ya kumweleza mteja kwa nini kidani chake kisiuzwe kwa bei ya plastiki iliyoshuka kutoka kwenye kontena.

Yafaa iulizwe basi kama Kiswahili kweli ni maskini kiasi hicho. Hasha! Anayedhani hivyo na ayafungue maandishi ya karne ya 19. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alitumia kurasa nzima za kitabu chake cha mwaka 1860 kuorodhesha bidhaa za misafara, na bidhaa hizo alizitaja kwa majina aliyoyapata kwa Waswahili. Shanga peke yake zilikuwa na majina ya kutosha kumchosha msomaji. Ushanga mwekundu wa samesame, kwa mfano, uliitwa pia kimara-pamba, yaani kitu kinachommalizia mtu chakula chake, kwa sababu mtu aliyeuona alikuwa radhi kutoa posho yake ili aupate. Jina la aina hiyo halikutungwa na kamati ya istilahi. Lilitungwa na mpagazi mwenye njaa aliyemwona mwenzake akibadilisha unga kwa shanga, na linachekesha mpaka leo.

Waya nao ulikuwa na majina. Waya mnene wa shaba nyeupe au nyekundu uliitwa masango. Ule mwembamba kama unywele, uliosokotwa kuwa bangili za mikono na miguu, uliitwa udodi, na bangili zenyewe dodi. Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kujifunza kwa wafanyabiashara wa mjini tofauti za nguo, shanga na waya, maana kosa dogo lingemwacha bara na mizigo isiyotakiwa na mtu. Alinunua waya wa namba 5 na 6, unene unaokaribia ule wa nyaya za simu za maandishi za wakati huo, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 akaeleza kwamba katika nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika shanga zilishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya nafasi ya dhahabu. Mtu anayehesabu waya kwa namba za unene, anayeujua mnene kwa jina lake na mwembamba kwa jina lake, huyo ana istilahi. Ni istilahi ileile anayoihitaji binti wa Sironga leo, naye hajapata kuisikia.

Ukiwaacha wasafiri na kurudi mwambao, mambo ni tele zaidi. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hakuona haya kuyaingiza mapambo ya mwili ndani ya wasia wa dini na ndoa. Kwake yalikuwa sehemu ya heshima ya mke. Msamiati wa mapambo hayo umehifadhiwa na kamusi: kipuli na jasi za masikio, kipini na hazama za pua, kidani na mkufu za shingo, timbi, banagiri na kikuku za mikono, furungu na mtali za miguu. Fundi wake aliitwa mfua fedha, au sonara ikiwa alifuata jina lililotoka Bara Hindi. Ajabu ya kupendeza ni neno kekee, au keekee. Katika kamusi za zamani neno hili ni chombo cha kutobolea, na pia ni aina ya bangili pana ya fedha. Kama maneno hayo mawili yana asili moja au yamekutana njiani tu, hilo ni swali linalomfaa mwanafunzi wa leksikografia anayetafuta mada, badala ya kuandika kwa mara ya mia juu ya uhusika katika riwaya ileile.

Wapo watakaopinga kwa hoja kwamba yote haya ni mambo ya pwani. Sironga, watasema, iko nyanda za juu, yapata kilomita 800 kutoka Mombasa, na aliyezaliwa huko akicheza na simbi anaiga utamaduni usio wake; afadhali achonge jiwe la sabuni kama mafundi wa Tabaka, ambao kazi yao imejulikana ulimwenguni kama kazi ya Kisii. Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini haina historia. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walipata ushanga uliotengenezwa kwa gamba la kome wa baharini ambao umri wake, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, unapita miaka 60,000. Pango hilo liko takriban kilomita 15 kutoka ufuoni. Kwa maneno mengine, kitu cha bahari kilianza kupanda bara kabla hakujawa na Mswahili, Mgusii wala mtu yeyote wa kumkataza mwenzake kukivaa.

Historia ya karibu zaidi nayo inasema vivyo hivyo. Simbi, ambazo pia huitwa kauri, na zile ndogo za kuchezea bao huitwa kete, zilipanda bara hadi Buganda zikawa fedha ya nchi. Zilipoacha kupokewa kama fedha mwanzoni mwa karne ya 20, neno halikufa: Mganda wa leo anapotaja ensimbi anataja pesa, hata kama pesa zenyewe ni noti au ziko ndani ya simu. Kuanzia miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg yalisomba simbi za mwambao wa Unguja kwa meli hadi Afrika Magharibi, yakazimwaga huko kwa wingi hadi thamani yake ikaporomoka. Na neno kauri lenyewe limefanya safari nyingine ya kushangaza. Kwa Kiswahili ni simbi, na pia ni vile vyombo vyeupe vya udongo laini vya Uchina. Waitaliano nao, pasipo kushauriana na Waswahili, waliviita vyombo hivyo kwa jina la simbi, kwa sababu ya ule mng'ao wake. Gamba hili dogo, basi, limekuwa la kila mtu. Halina sababu ya kusimamishwa kizuizini likifika Sironga.

Isitoshe, Abagusii si wageni wa waya. Kabla ya harusi za kanisani kuchukua nafasi ya desturi, mwanamke wa Kigusii aliyefanyiwa sherehe kamili ya ndoa, iitwayo enyangi, alivikwa miguuni pete za chuma ziitwazo ebitinge. Hazikuwa urembo wa kuvuliwa jioni. Zilikuwa hati yake ya ndoa, aliyotembea nayo mashambani na mtoni, na kila aliyezisikia zikigongana alijua anapishana na mke wa mtu. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti wao Gusii katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1966, waliikuta jamii hiyo ikiwa tayari imeanza kuiacha enyangi. Leo ebitinge ni vitu vya makavazi na picha za zamani. Bibi anayeweza kusimulia jinsi mama yake alivyovikwa yupo bado katika nyumba chache, na umri wake haumsubiri mtafiti amalize kuandika pendekezo lake.

Hapa mwanaisimu ana jambo lake la kusema. Umoja wa ebitinge ni egetinge. Kiambishi cha ngeli hiyo katika Ekegusii ni eke-, sawa na ki- ya Kiswahili, ila hapa /k/ imegeuka /g/ kwa kuwa inafuatwa na /t/, sauti isiyo ghuna. Hiyo ndiyo Sheria ya Dahl, ambayo wanafunzi huikariri kwa mifano ya Kikuyu wakidhani haina kwao kwingine. Neno hilo likiingia katika Kiswahili halihitaji visa: kitinge, vitinge, ngeli ya KI-VI, tayari kwa upatanisho. Kiswahili kina furungu na mtali kwa pete za miguu za fedha, lakini hakina neno la pete ya mguu ya chuma iliyo hati ya ndoa. Pengo lipo na neno lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na mtu huyo si wa kutafutwa Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko safari fupi ya matatu kutoka Sironga.

Pana suala jingine ambalo wapenzi wa mapambo ya bahari hawapendi kuulizwa, nalo ni uhai wa hayo magamba. Simbi inayong'aa dukani kama imepakwa mafuta aghalabu haikuokotwa ikiwa tupu. Konokono wake alitolewa baharini akiwa hai, akafukiwa mchangani aoze, kisha gamba likasuguliwa. Mng'ao ule ni wa gamba ambalo halijalala ufuoni likachubuliwa na jua na mchanga. Kwa miaka mingi kombe kubwa za aina ya Cypraecassis rufa zimesombwa kutoka bahari ya Afrika Mashariki hadi mji wa Torre del Greco, karibu na Napoli, ambako mafundi wa Italia huzichonga sura za mabibi wa kale. Kombe la Charonia tritonis, ambalo mtalii hulinunua aliweke sebuleni, ni la mnyama anayekula kile kiti cha pweza chenye miiba kinachotafuna matumbawe. Anapoondolewa mwamba hupoteza mlinzi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haziruhusu gamba lolote kuondolewa, na hata gamba tupu ni nyumba ya kaa mdogo asiye na ngao yake mwenyewe.

Kigae cha kioo, kwa upande mwingine, hakina mwenyewe anayelia. Kilikuwa chupa ya bia ya rangi ya kahawia, au chupa ya soda, au dawa. Mtu aliitupa, mawimbi yakaivunja, mchanga ukaisugua miaka na miaka, chumvi ikaula uso wake hadi ukawa na ukungu mwepesi kama wa bilauri ya maji baridi. Vya kahawia, kijani na vyeupe ni vingi; cha buluu humfurahisha mwokotaji; chekundu ni bahati ya mtu. Anayekiokota anausafisha ufuo. Kwa maoni yanayotetewa hapa, binti wa Sironga angefanya vyema amwambie binamu yake apunguze simbi na aongeze vigae. Na vigae vikiadimika, asione haya kugeukia chupa za kwao. Kitengela, kusini mwa Nairobi, vioo vilivyotupwa vimeyeyushwa na kufanywa shanga na bilauri kwa miongo mingi, na hakuna mnunuzi aliyelalamika kwamba havikupitia baharini. Kinachodaiwa ni ukweli tu: kisicho cha bahari kisiitwe cha bahari.

Lakini kiitweje? Hapa wanafunzi wa istilahi huanza kupigana kwa kalamu. Anayetafsiri neno kwa neno atasema "glasi ya bahari", na atakuwa ameharibu, kwa kuwa glasi ni chombo cha kunywea. "Kioo cha bahari" ni bora kidogo, ila kioo ni kirefu mno wa maana: ni dirisha, ni kitu cha kujitazamia, na mshairi yeyote akisikia kioo cha bahari ataona maji yaliyotulia alfajiri. Vigerenyenza ni vile vipande vidogo vyenye makali vinavyomchoma mtu mguu, yaani kinyume kabisa cha kinachotafutwa. Limebaki neno kigae. Kigae ni kipande cha chombo kilichovunjika. Kina unyonge wa kitu kilichotupwa, na hapo hapo kimepanda cheo, maana vigae ndivyo vinavyoezekea nyumba za wenye uwezo. Kigae cha bahari, basi. Kwa kile kilichosagwa kwa mashine au kutoka kwenye chupa za nchi kavu, kigae cha kioo kinatosha.

Na ile kazi ya kuzungushia waya? Yamewahi kupendekezwa, katika mazungumzo ya wanafunzi, maneno kama "ufungaji waya" na "uzungushaji waya". La kwanza linanuka ua wa seng'enge. La pili ni refu na halina uhai. Methali iliyotangulia ilikwisha kulitatua suala hili. Chanda huvikwa pete. Mke wa Kigusii alivikwa ebitinge. Kigae nacho huvikwa waya, na fundi wake ni mvika waya, na kazi yake ni uvikaji waya. Neno vika lina mguso wa heshima ambao funga haina. Mtu huvikwa taji, huvikwa nguo, huvikwa shada. Waya mnene wa fremu urudishiwe jina lake la masango, na ule mwembamba wa kuzungushia uitwe udodi. Maneno haya mawili yana faida moja ambayo istilahi mpya huikosa daima: yalikwisha kutumiwa na watu walioishika kazi yenyewe mikononi.

Serikali haikosi kulaumiwa katika jambo hili, ingawa lawama yake ni ya aina yake. Mwaka 2017 ilianzisha mpango wa kuwainua wanawake wafugaji kupitia kazi ya shanga, katika kaunti saba za wafugaji, na kuupa jina la Ushanga Kenya Initiative. Jina hilo ni picha kamili ya hali ya Kiswahili katika uchumi wa nchi hii: lugha ya taifa imepewa kiti cha mbele kwa ajili ya kupigwa picha, na lugha ya kazi imeanza baada yake. Katiba ya mwaka 2010 iliposema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, haikusema kiwe rasmi kwenye mabango tu. Karakana ya Kazuri, iliyoanza jijini Nairobi mwaka 1975 kwa shanga za udongo, angalau ilijipa jina la Kiswahili tupu, tena lenye ka- ya udogishi ambayo Kiswahili sanifu hakiikubali na ambayo kila Mkenya wa bara huitumia bila kuomba ruhusa. Watunza sarufi hukunja uso. Wanunuzi wa ng'ambo hulitamka vyema.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, haina budi kubaki nyumbani, yaani katika idara za Kiswahili. Tasnifu za istilahi huandikwa juu ya sheria, tiba na tarakilishi, kwa sababu huko ndiko kunakodhaniwa kuwa na usomi. Mtafiti huketi na orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, akajaza upande wa kulia, akatetea mbele ya jopo, kisha orodha ikalala maktabani na wakili, daktari na mhandisi wakaendelea na Kiingereza chao bila kujua kwamba wametafsiriwa. Fundi wa mapambo hana Kiingereza cha kutosha cha kuendelea nacho. Yeye angelipokea neno siku ileile, akalitumia sokoni kesho yake, na keshokutwa angelibadilisha kidogo ili limwendee vyema mdomoni. Ni vigumu kuelewa kwa nini msomi wa istilahi humkwepa mtu pekee anayelihitaji neno lake kwa chakula cha jioni.

Isisahaulike kwamba utafiti wa aina hii hauhitaji ufadhili. Unahitaji nauli ya matatu, daftari, na subira ya kuketi kigodani saa mbili huku mtu mwingine akifanya kazi. Mwanafunzi ataanza kwa kuuliza kila kitu kinaitwaje, naye fundi atacheka, kwa maana hakuna aliyewahi kumwuliza. Baadhi ya majibu yatakuwa ya Kiingereza kilichovunjika, baadhi ya Ekegusii, na machache yatakuwa maneno aliyoyabuni mwenyewe akiwa peke yake na koleo lake, ambayo pengine ni bora kuliko haya yaliyopendekezwa humu. Hayo ya mwisho ndiyo ya kuandikwa kwanza. Kisha mwanafunzi amsimulie juu ya masango na udodi, na ya ule ushanga uliommalizia mpagazi unga wake, aone ni neno lipi litakalobaki mezani pamoja na vigae wakati mteja wa kwanza atakapoinama kuuliza bei.